Pwani Ipi kwa Samaki wa Kujivunia? Hesabu ya Mtu wa Karuba

Ukisimama Karuba, katika milima ya malisho ya Masisi, mvua inayokunyeshea inaelekea Atlantiki. Maji yanayoteremka upande wa Sake huingia Ziwa Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, kisha hupita Lukuga mpaka Lualaba. Yale yanayoshuka upande wa Walikale hushika mto Lowa, nao Lowa huishia Lualaba hiyo hiyo. Njia zote mbili mwisho wake ni Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo. Hata hivyo, mtu wa Karuba akikuambia anakwenda pwani, usimtafute Banana. Amekwenda Mombasa au Dar es Salaam, maana mabati, magari na mafuta ya Goma hutoka huko kwa malori. Maji yetu yanakwenda magharibi, mizigo yetu inatoka mashariki, na anayetaka kujua ni pwani ipi itakayompa samaki mkubwa hana budi kuamua kwanza kama anafuata ramani au anafuata barabara.

Swali lenyewe limefika milimani kwetu kwa simu. Watu wa Masisi waliopitia kambi za wakimbizi za Uganda na Rwanda, kisha wakahamishiwa Kanada, Marekani au Norwei, hutuma picha: shemeji kavaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, kampakata samaki wa rangi ya fedha aliyejaa mikono miwili. Huyo ni samoni. Huku nyumbani wanaoipokea picha hiyo wamezoea sambaza, ambaye huuzwa kwa kopo na hazidi sana urefu wa kidole. Ziwa Kivu lina kina cha mita 480 na ushee, lakini samaki wanaishi tabaka la juu tu, mita 60 au 70 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni, kuna gesi ya kaboni na methani. Ziwa kama hilo halilei jitu. Hata sambaza si mwenyeji: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kizazi kile kile kilichomtia sangara katika Ziwa Victoria na, mwaka 1967, samoni mkubwa wa Pasifiki katika Ziwa Michigan. Wataalamu wa enzi hizo walipenda sana kuhamisha samaki, na hadi leo tunabishana kama walitufaa au walituharibia.

Tuanze basi na samoni mwenyewe, kwa kuwa tabia yake inaeleza kwa nini watu hulipa fedha nyingi kuifuata pwani fulani na kuiacha nyingine. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kunenepa baharini, kisha hurudi kutaga katika mto ule ule aliozaliwa. Wale wa Pasifiki hutaga mara moja na kufa. Akishaingia maji baridi huacha kula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Rangi ya fedha hupotea, na taya la dume hujikunja likawa ndoana. Kwa hiyo mwenye kutaka samaki mwenye nguvu zake zote humngoja baharini, mbele ya mdomo wa mto, akiwa bado anakula. Hapo ndipo thamani ya pwani inapotoka. Ukijua mto unaozaa samoni wakubwa na wiki wanazopita, umeshajua pa kwenda. Katika pwani ya British Columbia, kuanzia visiwa vya Haida Gwaii hadi Rivers Inlet na Campbell River, hesabu hiyo imefanywa kwa zaidi ya karne. Campbell River kuna Tyee Club, iliyoanzishwa mwaka 1924, ambayo haimhesabu mtu kuwa amevua mpaka apate samoni wa ratili 30, yaani kilo 13 na nusu hivi, akiwa ndani ya mashua ya makasia isiyo na mota. Sheria hiyo inaweza kuonekana ya kitoto. Mimi naiona ya busara, kwa sababu inaamua mapema samaki wa kujivunia ni yupi, jambo ambalo watalii wengi huliamua baada ya kurudi.

Rekodi ya dunia ya samoni kwa mshipi wa mtu mmoja ipo tangu tarehe 17 Mei 1985, pale Les Anderson alipomvuta samaki wa ratili 97 na wakia 4 katika mto Kenai, Alaska. Ni kilo 44 na kidogo. Samaki huyo alipimwa saa kadhaa baada ya kutoka majini, na wapo wanaoamini kwamba angepimwa mapema angevuka ratili mia. Upande wa Atlantiki, Uingereza bado inamtaja Georgina Ballantine, aliyevua samoni wa ratili 64 katika mto Tay, Scotland, tarehe 7 Oktoba 1922, baba yake akiwa kwenye makasia. Inapita karne sasa.

Umri wa rekodi hizo unasema kitu. Samoni wanaorudi Alaska leo ni wadogo, kwa umri na kwa mwili, kuliko waliorudi zama za Anderson. Mwaka 2023, na tena 2024, mamlaka za Alaska zilifunga uvuvi wa samoni wakubwa katika Kenai yenyewe, mto wa rekodi. Norwei ilifunga uvuvi wa samoni katika mto Tana tangu 2021, na Juni 2024, katikati ya msimu, ikafunga mito 33 kwa mpigo. Watu walikuwa wameshalipia vyumba. Desemba 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa samoni wa Atlantiki katika kundi la wasio na wasiwasi na kumweka miongoni mwa wanaokaribia hatarini. Sababu zinazotajwa ni nyingi: bahari inayopata joto, mabwawa ya umeme, vimelea na samaki wanaotoroka kutoka vizimba vya ufugaji. Kwa jamaa zetu walioko Norwei, kwa hiyo, swali la kwanza si mto upi una samaki wakubwa. Ni mto upi umefunguliwa mwaka huu. Halafu kuna ada ya serikali, kibali cha mto wenyewe, na katika mito mingi cheti kwamba zana zako zimeoshwa kwa dawa, kwa sababu kimelea kimoja kidogo, Gyrodactylus, kimeshaangamiza samoni wa mito mizima. Mtu aliyezoea kutupa ndoana yake Kivu bila kuuliza mtu ataona dunia imegeuka ofisi.

Kwetu Afrika Mashariki samoni hayupo. Jamaa yake wa karibu ni trauti, samaki wa ukoo huo huo, ambaye walowezi walimpandikiza katika mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Kituo cha kumzalisha kipo Kiganjo, karibu na Nyeri. Ni samaki mzuri, mtamu, na mazingira yake, ukungu na nyasi na ng'ombe, yangemkumbusha mtu wa Masisi kwao. Lakini trauti wa Nyeri ni wa kikaango, na swali letu ni la pwani.

Pwani ya Waswahili ina wakubwa wa namna nyingine. Majina yao hubadilika bandari hadi bandari, kwa hiyo hapa nitamwita sulisuli yule mwenye tanga mgongoni, na nduwaro yule mzito wa maji ya kina, wa aina tatu: mweusi, wa buluu na wa milia. Wote wana pua ndefu kama mkuki. Pamoja nao wapo jodari, nguru, felusi, na kolekole wa miambani. Sulisuli wa kilo 30 ni wa kawaida. Nduwaro wa kilo 200 hamshangazi nahodha, na rekodi ya dunia ya nduwaro mweusi, iliyowekwa Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953, ni kilo 707.

Hapa ndipo mantiki ya samoni inapovunjika. Nduwaro hana mto wa kuzaliwa wa kumngoja mlangoni. Anapita. Anafuata chakula, na chakula kinafuata mkondo, na mkondo unafuata upepo. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, mkondo wa pwani unakimbia kaskazini mpaka Somalia bila kizuizi na bahari inachafuka. Mwezi wa Mei na Juni boti nyingi za uvuvi wa starehe huvutwa nchi kavu zikapakwe rangi. Kaskazi inapoingia, Desemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, na mikondo miwili hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Mahali pa kukutana, maji ya chini yenye rutuba hupanda, dagaa hujaa, na wakubwa huja nyuma yao. Ndiyo maana Malindi na Watamu zikawa na jina. Ernest Hemingway alivua Malindi mapema mwaka 1934, na hoteli za huko hazijachoka kulitumia jina lake. Ukweli ni kwamba sulisuli wangekuwepo hata kama asingekanyaga.

Nikitazama pwani yote, naona chaguo nne zenye uzito, na hazilingani.

Watamu na Malindi ndiyo chaguo la mtu anayetaka uhakika. Bahari ina kina karibu, mto Sabaki unamwaga maji ya udongo kando ya Malindi na sulisuli hupenda kuzunguka ukingo ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya buluu, na nje zaidi kuna miinuko ya chini ya bahari inayoitwa North Kenya Banks kwa wenye boti kubwa na siku nyingi. Manahodha ni wengi na wana ujuzi wa kurithi. Sulisuli hujaa kuanzia Novemba, nduwaro hukaza kati ya Januari na Machi, na usiku wapo wanaomvua samaki-upanga, yule wa maji ya kina. Shirika la African Billfish Foundation, lenye makao Watamu, limekuwa likiwawekea alama samaki hawa kwa zaidi ya miaka 30. Kukosa kabisa hapa mwezi wa Februari ni bahati mbaya ya kipekee.

Shimoni, kusini mwa Mombasa, ni kwa mwenye subira. Kati ya bara na kisiwa cha Pemba kuna mlango wa bahari wenye kina cha mita 800 na zaidi, na nduwaro wote watatu hupita humo. Kijiji ni kidogo, kina mapango yake ya historia na mashua za kwenda Wasini, na wavuvi wa hapo walivua kwa mshipi wa kurambaza muda mrefu kabla ya klabu yoyote kufunguliwa. Idadi ya samaki ni ndogo kuliko Watamu, lakini mtu anayemtaka nduwaro mmoja mzito kuliko sulisuli sita, mimi ningemwambia ashuke hapa.

Mafia na Fungu Kizimkazi, Tanzania, ni hadithi ya miamba zaidi kuliko ya maji ya wazi. Fungu Kizimkazi ni kisiwa kitupu cha ndege, kusini mashariki mwa Unguja, hakina maji wala kivuli, na chini yake ukuta wa mwamba unashuka ghafla. Huko ndiko wanakokwenda watu wa kolekole wakubwa na jodari wenye meno. Mafia ni tulivu, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni kula, jambo linalotosha kumleta mtu hata bila ndoana. Upungufu wake ni huduma: boti nzuri ni chache, na upepo ukikaza umekwama. Kwa anayekuja na barabara ya Kigali na Rusumo, Tanzania ndiyo pwani ya karibu zaidi kwa akili ya safari, na hilo lina uzito wake kwenye mkoba.

Nje ya hapo nitapita haraka. Visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, vina nduwaro weusi wazito kweli kuanzia Septemba mpaka Desemba. Oman ya kusini ina kolekole wa kutisha wakati upepo wa khareef umelala, na jamaa zetu Waswahili wa Muscat wanaijua njia. Muanda, pwani yetu wenyewe Wakongo, haifiki kilomita 50 kwa urefu. Ina mikoko iliyohifadhiwa tangu 1992, bandari ya kina inayojengwa Banana tangu 2022, na tarponi, samaki mkubwa wa magamba ya fedha, hukaa kwenye midomo ya mito ya upande huo wa Atlantiki. Huduma za boti huko bado si za kulinganisha na Watamu. Na kufika Muanda kutoka Kivu ni ndege hadi Kinshasa, kisha barabara ndefu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, Bunagana, mpakani na Uganda, iko mikononi mwao tangu Juni 2022, na Karuba na Mushaki zenyewe zimekuwa uwanja wa vita tangu 2023. Uchambuzi wowote wa starehe unaoandikwa kutoka huku lazima ulibebe hilo. Wanaoweza kwenda kuvua kwa ajili ya picha ni wachache: wafanyabiashara wanaofuata kontena Mombasa, na ndugu wa ughaibuni wanaoshukia Nairobi kukutana na wazazi ambao hawawezi kuwatembelea kijijini.

Kwa hao, kuna jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Samaki wa uzito wa samoni wa rekodi tunaye nyumbani. Anaitwa mbenga. Ni samaki wa mto Kongo na Lualaba, ana meno 32 makubwa yanayojipanga nje ya midomo hata akifunga kinywa, na yanakata mshipi wa nailoni kwa mara moja. Anayemtafuta hufunga waya wa chuma kabla ya ndoana. Rekodi ya dunia ya mbenga ilitoka mtoni karibu na Kinshasa mwaka 1988: ratili 97 kamili. Pungufu ya samoni wa Anderson ni wakia nne tu, haifiki robo kilo. Mvua ya Masisi inapita juu ya mgongo wake ikielekea baharini. Tofauti ni kwamba mto Kenai una barabara, mizani, daktari wa samaki na tangazo la kufunga msimu, na mbenga ana maporomoko na wavuvi wa nyavu. Nchi ikitulia, mtu mwenye akili ya biashara ataanzia hapo, Lualaba, badala ya kuiga Watamu. Kwa leo, ningemshauri mgeni asithubutu.

Turudi pwani, ndani ya boti, kwa sababu watu hulipa bila kujua wanacholipia. Boti ya nduwaro huondoka alfajiri na kukokota chambo nne au tano nyuma yake kwa mwendo wa noti saba hadi tisa. Miti miwili mirefu hutandazwa pembeni ili mishipi isikutane. Masaa hupita bila kitu, na kwa wasiozoea bahari, kutapika. Kisha mtu wa juu anapiga kelele: nyuma ya chambo cha kulia kuna kivuli, pezi linachanja maji, pua inakipiga chambo kofi la ubavuni. Mshipi unachomoka kwenye kibanio chake, na rili inalia kwa sauti nyembamba isiyokatika huku mita mia mbili za mshipi zikiondoka kabla hujakaa sawasawa. Mabaharia wanakunja mishipi mingine yote. Nahodha anarudisha boti kinyumenyume, moshi na maji vikiwarudia usoni. Ukimvuta mpaka ubavuni, baharia anampachika kialama kwa mti mrefu, anakadiria uzito kwa macho, anakata mshipi. Samaki anazama akienda zake, na wewe umebaki na picha.

Kumwachia ndiyo desturi sasa, hasa kwa nduwaro, na sababu ipo. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, imekuwa ikionya kwa miaka kwamba nduwaro wa milia anavuliwa kupita kiasi, na sehemu kubwa ya samaki hawa hufia kwenye nyavu za kuelea za meli na majahazi, wala si kwenye ndoana za watalii. Wapo watakaosema basi ndoana moja haina neno. Mimi sikubaliani nao, ila namwelewa mzee wa Masisi anayesikia kwamba mwanawe amelipa mamia ya dola kwa siku moja, akamshika samaki wa kilo mia, akamrudisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, maswali ya kumuuliza nahodha ni ya kawaida kabisa. Boti iko nje kwa saa ngapi, na mafuta yako kwenye bei? Gharama mnagawana wangapi, maana boti ya watu wanne hupunguza maumivu? Kibali cha uvuvi wa starehe, ambacho Kenya inakidai, kimeshakatwa? Atapita mbali na hifadhi? Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, na ya Kisite karibu na Shimoni, hakuna kuvua, na askari wa wanyamapori hawana utani. Na la mwisho ni la nyama. Boti nyingi za Kenya huhesabu samaki aliyeuawa kuwa mali ya boti. Mabaharia humuuza, na sulisuli huishia kwenye moshi, akakatwa vipande vyembamba vya bei ghali hotelini. Anayetaka kurudi Goma na jodari au felusi wake aliyekaushwa aafikiane na nahodha gatini, mbele ya mabaharia wake, boti ikiwa bado imefungwa.